Begi Hununuliwa na Mmoja, Hubebwa na Mwingine

Nawaandikia, ndugu zangu, kutoka Shahe katika mji wa Guangzhou. Jina la mtaa huu baadhi yenu mmelitia kinywani bila ya kulijua, kwani zile tambi pana za mchele zinazokaangwa kwa nyama ya ng'ombe katika mikahawa ya Kichina zimeitwa kwa jina lake. Siku hizi Shahe inajulikana zaidi kwa nguo za jumla. Soko lake huamka usiku wa manane. Alfajiri njia zimejaa vikokoteni na mafurushi meusi, na ifikapo adhuhuri mabanda mengi yameshafungwa. Nguo huuzwa kwa mafungu, na muuzaji hana nafasi ya kukungojea ujaribu. Unaangalia, unashika, unalipa, unapisha wengine.

Nimo hapa kwa haja ya mtoto wa kaka yangu. Mnamjua: ndiye anayehudumia kambi ya uwindaji wa kitalii kusini mwa Tanzania, akiajiri wafuatiliaji wa nyayo, wachunaji na wabebaji. (Jamaa wa Mombasa msishangae. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, lakini Tanzania bado inauruhusu kwa leseni na kwa vitalu, na msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai.) Aliposikia kwamba nakuja huku kununua mashati ya wafanyakazi, aliniletea ujumbe mfupi: "Shikamoo Ami. Nitafutie na mabegi 24 ya mgongoni, makubwa, ya madoadoa ya kijeshi, saizi moja, bei iwe nyepesi. Na jina la kampuni lidariziwe nyuma."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, na kila nikiusoma naona kwamba hamna ndani yake neno hata moja juu ya mtu atakayelibeba begi. Muna rangi, muna ukubwa, muna bei, muna jina la mwenye mali. Nasema hadharani kwa kuwa kosa hili si lake peke yake. Ni letu sote, tena ni la tangu zamani, na nitafika huko.

La madoadoa nilimaliza kwa maneno machache. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala mavazi yanayofanana nazo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa watu siku saba kuyasalimisha. Mfuatiliaji wa nyayo anayeshuka basi akiwa na begi la madoadoa mgongoni hajibebei chakula tu, ajibebea na kesi. Muuzaji wa huku hayajui hayo. Kwake yeye neno "kuwinda" maana yake ni madoadoa, na kila nilipolitamka kwa msaada wa simu yangu yenye kutafsiri aliniletea madoadoa mengine, ya majani makavu, ya majani mabichi, ya theluji. Nikamwonesha rangi ya udongo. Akaniletea buluu. Buluu na nyeusi nazo hazifai, maana vitambaa vya rangi hizo ndivyo vinavyotundikwa porini kuwa mitego ya mbung'o, kwa sababu mbung'o huzifuata. Kumvisha mtu begi la buluu katika pori la kusini ni kumfanya yeye mwenyewe mtego. Mwishowe tulikubaliana juu ya rangi ya kahawia iliyofifia, ambayo hakuna mtu katika ukoo wetu angeichagua kwa uzuri wake.

Linalonisumbua ni yale maneno mawili, "saizi moja".

Mwaka juzi nilikaa wiki moja katika kambi ile. Alikuwako mzee mmoja wa Kingindo, mfuatiliaji wa nyayo, mfupi wa kimo, mwembamba, ambaye macho yake yaliona kwato za nyati katika mchanga ambao mimi niliuona mchanga tu. Begi alilopewa lilikuwa kubwa na la heshima kwa kulitazama. Mkanda wa kiunoni ameukata kwa kisu, pande zote mbili, na juu ya kanda za mabegani amezungusha vipande vya kanga kuukuu ili zisimkate. Mtoto wetu alipoona mkanda umekatwa alikasirika, akasema hawa watu hawathamini mali, akamkata fedha katika mshahara wake. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mgeni, na nilidhani vilevile.

Siku ya nne nilimwomba yule mzee anipe begi lake nilibebe kidogo, kwa kutaka kujua tu. Mimi ni mrefu kumshinda kwa kichwa kizima, na hata kwangu mkanda uliobaki ulianguka chini ya nyonga. Kwake ulikuwa ukimfika mapajani, ukimpiga kila alipoinua mguu. Asingeukata, asingetembea. Jioni nilimpima mgongo kwa uzi, nikaulinganisha na begi: mgongo wake sentimita 39, begi limeshonewa mgongo wa sentimita 50 na ushei. Alikuwa amekatwa mshahara kwa kulipunguza begi ambalo tangu mwanzo halikuwa lake.

Tuna ajabu sisi. Hakuna hata mmoja wetu atakayekubali kuvaa kanzu ya Idi isiyopimwa. Fundi atatupima bega, kifua, mkono, na urefu hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu, na ikizidi kwa upana wa kidole tutairudisha. Kanzu hiyo twaivaa saa mbili, kutoka nyumbani hadi msikitini na kurudi. Begi la porini mtu hulivaa tangu alfajiri mpaka jua linapokuchwa, na ndani yake muna maji lita 6. Lita moja ya maji ni kilo moja, nayo haipungui kwa dua. Kipimo cha kanzu twakijua kwa moyo. Kipimo cha mgongo hatujapata hata kukiuliza.

Nacho ni chepesi. Mwambie mtu ainamishe kichwa, kidevu kielekee kifuani. Pale shingo inapokutana na mabega kuna pingili ya uti wa mgongo inayochomoza kuliko nyingine. Weka ncha ya uzi hapo. Kisha ashike kiuno kwa mikono miwili, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vielekee nyuma. Mstari unaounganisha gumba na gumba ndio mwisho. Teremsha uzi ukifuata mpindo wa mgongo hadi kwenye mstari huo, na urefu utakaoupata ndio utakaochagulia begi. Kimo cha mtu hakikwambii kitu. Mrefu mwenye miguu mirefu huenda akawa na mgongo mfupi kuliko jirani yake anayemfika begani. Nimeliona hilo katika orodha niliyo nayo mkononi sasa hivi.

Sababu ya kipimo hicho ni kwamba uzito hautakiwi kukaa mabegani. Mkanda wa nyonga ukiwa mahali pake, yaani umepakatia juu ya mfupa wenyewe wala si tumboni wala si matakoni, ndio unaochukua sehemu kubwa ya mzigo, na miguu ndiyo inayoupokea. Kanda za mabegani kazi yake ni kulizuia begi lisiyumbe na lisimvute mtu nyuma. Begi likiwa refu kuliko mgongo, mkanda huporomoka na mzigo wote huning'inia mabegani. Likiwa fupi, mkanda humbana mtu tumbo. Mama zetu waliyajua haya bila ya kufundishwa na kiwanda. Mtazameni mwanamke anavyomfunga mtoto kwa mbeleko: humweka juu, humbana na mgongo, huinama kidogo, hukaza, na makalio ya mtoto hukaa juu ya nyonga za mama. Humwoni akimwacha mtoto aning'inie kwenye shingo yake.

Nilipomweleza hayo mtoto wetu kwa simu alinijibu neno moja ambalo nimelisikia maisha yangu yote. "Ami, hawa wamezoea."

Wengi wenu mmeliona daftari la babu yetu mkubwa ambalo shangazi amelihifadhi Maskati, lile la safari zake za Tabora. Tumelisoma kwa fahari. Tumepiga picha kurasa zake, tumetafsiri Kiarabu chake, tumebishana juu ya tarehe. Kila pembe imeandikwa humo peke yake kwa frasila na ratili, na nyingine kwa sifa zake, hii laini, hii ina ufa. Hata Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipoyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, alizihesabu pembe zake kwa frasila. Lakini tazameni tena ukurasa wa wapagazi katika daftari letu. Hamna majina. Kuna idadi na posho.

Frasila ni takriban kilo 16. Mpagazi alibeba kama frasila 2, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800. Pembe aliitia begani, na baina yake na bega hapakuwa na kitu zaidi ya kipande cha nguo au ngata. Ni kweli kwamba Wanyamwezi walijisifu kwa kazi ile, na kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa mwanamume. Ni kweli vilevile kwamba wengine hawakuwa na hiari, walikuwa watumwa, na baadhi yao walikuwa wa watu wetu. Najua muna jamaa wasiopenda tulitaje jambo hili, wakisema kwamba zama zile zilikuwa na ada zake. Sibishani nao leo. Nasema tu kwamba babu yetu alijua ufa ulipo katika kila pembe, na hakuandika bega hata moja, na kwamba neno "wamezoea" nalijua limetoka wapi.

Basi nikamwambia mtoto wetu sinunui begi hata moja mpaka aniletee vipimo 24. Alicheka sana. Akaniuliza kama nataka kuwaoza. Lakini ni mtoto mwenye adabu, na baada ya siku tatu orodha ikaja, imeandikwa kwa mkono na kupigwa picha: majina, na mbele ya kila jina sentimita. Mfupi kabisa wa mgongo ana 38. Mrefu kabisa ana 51. Katikati wamejaa.

Sasa, Shahe si pahala pa mabegi. Kijana mmoja wa Kariakoo aliyezoea njia za huku alinielekeza niende upande wa Guihuagang na Sanyuanli, yaliko masoko makubwa ya mikoba na ngozi, nami nikaenda, nikarudi na mabegi matatu ya mfano kwenye chumba changu huku. Nitawaeleza nilichojifunza, kwani najua muna wenye watoto wa shule na wenye kwenda Umra na mabegi yao, na mgongo ni mgongo.

Muuzaji akikwambia begi "larekebishika", mwulize ni kipi kinachorekebishika. Karibu kila begi duniani lina kanda za mabegani zinazokazwa na kulegezwa, na hilo halibadilishi urefu wa mgongo hata kidogo. Linalotakiwa ni lile ambalo pale kanda za mabegani zinaposhikamana na begi panaweza kupandishwa na kushushwa, kama ngazi, kisha pakafungwa. Mwanzoni niliazimia kununua saizi tatu mbalimbali. Nikabadili rai. Wafanyakazi wa kambi hubadilika, wa mwaka huu si wa mwakani, na begi la ngazi humfaa anayekuja baadaye pia, mradi awepo mtu wa kumpima na kumrekebishia siku ya kwanza. Huyo mtu lazima awepo. Bila yake ngazi itabaki pale ilipofungwa kiwandani.

Bonyeza sponji ya mkanda wa nyonga kwa kidole gumba. Ikizama hadi ukagusa kitambaa cha upande wa pili na ikachelewa kurudi, haitamaliza msimu. Tafuta kiunzi, japo vipande viwili vya alumini vilivyopita wima ndani ya mgongo, kwa sababu bila kiunzi uzito hauna njia ya kuufikia mkanda. Kisha tazama pale kanda ya bega iliposhonewa. Uzi uliopita mara moja utafumuka. Unataka uliorudiwa na kurudiwa. Mshono mzuri si jambo la kudharau. Merikebu Sohar iliyoundwa Sur ilishonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, ikatoka Maskati mwaka 1980 na mwaka uliofuata ikafika papa hapa Guangzhou.

Kwa uwindaji kuna mambo ambayo msafiri wa kawaida hayamhusu. Kitambaa kisipige kelele: kikwaruze kwa kucha karibu na sikio, na ukisikia mchakacho, paa naye atausikia. Upande wa bega la bunduki kanda isiwe nene mno ukingoni, la sivyo ukanda wa bunduki utateleza kila hatua. Na uwe na mfuko wa ndani unaotoka na kuoshwa, kwa sababu nyama itabebwa humo, na begi lililonywa damu halikauki, hunuka, na huita wasiokaribishwa. Mapochi mengi ya nje ni ya kuuzia tu. Kila mfuko unaochomoza ni mfuko utakaonaswa na miiba.

Mabegi yale matatu niliyajaribu kwa namna ambayo huenda imewachekesha watu wa Shahe. Nilinunua chupa 12 za maji za lita moja na nusu, yaani kilo 18, nikazitia katika begi, nzito karibu na mgongo, nikashuka ngazi saa kumi alfajiri, nikazunguka sokoni na mzigo wangu kama mpagazi aliyepotewa na msafara. La kwanza lilinichosha kabla sijafika pembe ya pili ya barabara. La pili nililidhani zuri.

Nikiwa nimesimama kupisha kikokoteni, mwenye kikokoteni akasimama pia. Mtu wa makamo, mkavu, shati limelowa. Mafurushi yake yalikuwa yamefungwa kwa kamba kwa ustadi ambao ungempendeza kirangozi yeyote. Alinitazama, akatazama begi, akasema neno nisilolijua. Kisha bila ya kungoja akalegeza kanda zangu zote za mabegani, akaushika mkanda wa nyonga, akaupandisha kama upana wa vidole vitatu, akaukaza mpaka nikaguna, ndipo akazirudisha kanda za mabegani mahali pake, moja moja, taratibu. Akapiga begi kofi kwa nyuma. Akachukua kikokoteni chake akaenda. Mzigo ulikuwa uleule wa kilo 18, na mabega yangu yalikuwa mepesi. Nilikuwa nimelivaa kinyume, nikianza na mabega. Anayejua huanza na nyonga. Miezi yote niliyosoma juu ya mambo haya, na bado aliyenifundisha ni mtu anayebeba.

La tatu, lenye ngazi, ndilo nililolichagua, nikiwa nimelivaa kwa utaratibu wa yule bwana. Linashuka hadi sentimita 41 na kupanda hadi 52. Wawili katika orodha hawamo katika kadiri hiyo, yule wa 38 na yule mzee wa 39. Kwa ajili yao nimepata mabegi mawili madogo, ya umbo la wanawake, ambayo migongo yake ni mifupi na mikanda yake imepinda vizuri zaidi. Rangi ni ileile ya kahawia, na aliyeyaita ya wanawake ni kiwanda, si pori.

Bei ilizidi, sifichi. Mtoto wetu alilalamika, akapendekeza tununue 16 na wengine 8 waendelee na ya zamani. Nikamwambia aondoe udarizi wa jina la kampuni, maana fundi wa kudarizi alitaka fedha nzuri kwa kila begi, na nyati hasomi. Amekubali. Udarizi ulilipa kiasi cha tofauti, na kilichobaki nimekilipa mimi.

Furushi liko tayari kwa wakala wa mizigo, majina 24 yamebandikwa, moja kwa kila begi, na kipimo chini ya jina. Nimemwandikia pia juu ya zile fedha alizomkata yule mzee, azirudishe kabla ya tarehe 1 Julai. Ujumbe ameusoma. Hajajibu.